Mgongo Ambao Adelgunda Hakuugusa

Adelgunda hakupenda kuambiwa unaumwa wapi. Ulifika kwake Nyabiyonza umejikunja, ukaanza kueleza kwamba jana ulipokuwa ukitua mkungu wa ndizi ulisikia kitu kikialika kiunoni, naye alikukatiza kabla hujafika kwenye kiuno. "Lala," alisema. "Mgongo wako una mdomo wake." Ukalala kifudifudi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, yeye akababua jani la mgomba kwenye makaa, akajipaka samli viganjani, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka amalize.

Mimi Eustadia nilikuwa jirani yake, kibanja chetu cha migomba na chake vimepakana, na nililala kwenye nyasi zile zaidi ya mara moja. Nilipenda kunyamazishwa. Nyumbani kwangu kila kiumbe kilitaka nikijibu, kuanzia mume wangu Gosbert mpaka mbuzi, na kule kwa Adelgunda mtu alinikanda bila kunidai hata salamu. Nilitoka pale nimenyooka, usingizi nimelala, nanukia samli kama mtoto mchanga.

Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, ila jina alilipata mwaka wa vita, 1978, watu walipokimbia kutoka upande wa mpakani wakiwa wamebeba vichwani magodoro, mabati na cherehani. Walifika kwetu viuno vimekataa. Adelgunda aliwalaza mmoja mmoja uani kwake, akawakanda, akawavuta miguu, wengine akawakalia kabisa. Waliporudi makwao walilipeleka jina lake mbali, na tangu hapo akaitwa fundi wa migongo. Jina hilo alilipokea bila kusitasita, maana hakuwa mtu wa kujishusha. "Mikono hii," alikuwa akisema huku akiiinua, mifupi na mipana, "haijadanganywa bado."

Na fundi alikuwa kweli, sitaki mtu anielewe vibaya. Gosbert aliwahi kuteleza kwenye ngazi akipaua jiko letu, akapelekwa kwake anatembea upande upande. Adelgunda alimwekea goti katikati ya mgongo, akamshika mabega, akavuta mara moja. Gosbert alipiga ukelele uliosikika hadi kanisani, kisha akasimama, akavaa shati lake na kwenda kilabuni kunywa rubisi. Mpaka leo anausimulia mgongo ule kana kwamba aliutibu mwenyewe.

Hospitali Adelgunda aliijua, ila kwa mambo yake: malaria, uzazi mgumu, mfupa uliotoboa ngozi. Mgongo haukuwa kazi ya hospitali. Kupeleka mgongo kwa daktari kwake ilikuwa sawa na mwenye jiko kwenda kuomba chakula kwa jirani.

Binti yake wa pekee, Deodatha, aliolewa Nyakatuntu na Theoneste, kijana ambaye wazazi wake walikuja kutoka Rwanda kabla hajazaliwa. Adelgunda hakuitaka ndoa ile. Alikuwa amekwisha kumchagulia bintiye kijana wa karibu, mwenye kahawa nyingi na akili chache, na siku ya posa alisema mbele ya wageni kwamba hakuzaa mtoto ili ampeleke kwa watu wasio na kibanja. Maneno hayo yaliingia masikioni mwa Nyirabageni, mama yake Theoneste, na hayakutoka tena. Baadaye Theoneste alinunua kibanja, akapata na kazi ya kupakia na kupakua magunia kwenye ghala la kahawa, na hakuja kwetu hata siku moja bila kitenge cha mama mkwe. Adelgunda akaanza kumsifu. Lakini sifa zake hazikusafiri mbali kama yale maneno.

Alimsifu hivyo bila kumjua sura. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawaketi pamoja, na wakikutana kila mmoja huinamisha macho. Wapo walioanza kulegeza mambo hayo, Adelgunda hakuwa mmojawao. Kwa hiyo alichokijua kwa Theoneste ni miguu. Aliniambia siku moja tukichambua maharage kwamba mkwe wake ana nyayo pana, kidole kidogo cha kushoto kimepinda, na anakanyaga kwa uzito, kama mtu mwenye haki ya kupita. Nilicheka. Nilimwambia wengine wanawajua wakwe zao kwa mifuko.

Mwaka 1986, kahawa ilipokuwa imekwisha kuvunwa, tulisikia kwamba Theoneste anaumwa mgongo. Ulimwanza wakati wa masika, akadhani ni magunia. Akapumzika, haukupoa. Nyirabageni ndiye aliyekata shauri: kuna fundi wa migongo katika ukoo, kwa nini mwanangu aozee nyumbani? Wakaomba nafasi kwenye lori la kahawa, yeye, Theoneste na Deodatha, wakaja.

Adelgunda aliniita asubuhi ile. Shida yake ilieleweka: fundi ni yeye, na mgonjwa ni mtu asiyeweza kumgusa. Alikuwa amelifikiria hilo na kupata njia. Angetundika mkeka katikati ya chumba, yeye akae upande huu, Theoneste alale upande wa pili, na Deodatha awe mikono yake. "Na wewe Eustadia utakuwa mdomo wangu," alisema, maana hata kuzungumza naye moja kwa moja aliona haya. Nilimwambia amechagua mdomo mzuri, hauna breki. Hakucheka. Alikuwa akishughulika na majani yake.

Walipoingia uani Adelgunda alipiga magoti mlangoni kuwapokea, macho chini, nami nilisimama nyuma yake. Theoneste alikuja polepole, mkono mmoja begani kwa mkewe, mwingine kiunoni. Katikati ya ua kandambili yake ya kushoto ilimtoka, ikabaki. Yeye aliendelea kuja vilevile, mguu mmoja na kandambili, mmoja pekupeku, mpaka kizingitini. Pale alivua ya kulia. Kisha akainama kwa tabu, akiwa ameshikilia mlango, akapeleka mkono kuvua ya kushoto ambayo haikuwepo.

Nyirabageni aliangua kicheko. "Safari imemchosha, hata viatu anasahau." Tukacheka wote, na Theoneste mwenyewe akatabasamu, nami nikaenda kuiokota. Niliporudi nayo Adelgunda alikuwa bado amepiga magoti, anautazama mguu ule wa kushoto. Deodatha alimwambia, "Shikamoo, mama," mara mbili ndipo akaitikia.

Tuliingia ndani. Theoneste alilazwa kifudifudi, mkeka ukaning'inia kati yake na mama mkwe, mimi nikakaa mwishoni mwa mkeka ambako niliweza kuwaona wote wawili. Deodatha akapaka samli.

"Anzia shingoni, ushuke," Adelgunda alimwambia binti yake. "Usibonyeze. Tembeza tu vidole."

Deodatha alitembeza. Alipopita mabega kidogo akasimama.

"Kuna kitu kimetokeza hapa, mama. Katikati kabisa. Kama kifundo."

"Kigumu?"

"Kigumu. Nikikigonga anazuia pumzi."

Nilimwona Adelgunda akiinua mkono wa kulia hewani, kiganja kikielekea chini. Nilijua anachotaka kusema, na kila aliyewahi kulala pale angejua: kilichotoka hurudishwa. Kingekuwa cha Gosbert, goti lingekuwa limeshafika. Hata Nyirabageni alijua, kwa maana alisogea karibu akasema, "Basi kirudishwe, mama Deodatha. Mwambie mtoto akaze mikono."

Mkono ule ulibaki hewani. Baadaye Adelgunda aliniambia kwamba kama ungekuwa juu ya ngozi, ungeshuka wenyewe kwa mazoea kabla hajafikiri. Lakini chini yake hapakuwa na kitu. Mbele yake palikuwa na mkeka, na chini ya mkeka nyayo mbili za mkwe wake, na ule wa kushoto ulikuwa umeangukia upande, umelegea, kama umewekwa pale na mtu mwingine.

"Eustadia," alisema. "Muulize kama nyasi zinamchoma miguuni."

Nyasi zilikuwa mpya, zilituchoma wote. Nikauliza.

"Kulia zinachoma," Theoneste alisema. "Kushoto ni kama nimevaa soksi."

Adelgunda alikuwa ametusikia vizuri, mkeka si ukuta. Lakini alingoja. "Anasema kushoto ni kama amevaa soksi," nikamwambia, naye akaitikia kwa kichwa kama ndiyo kwanza habari imefika kutoka Bukoba. Siku nyingine ningecheka mpaka nijikune. Siku hiyo kicheko kilinikauka, kwa sababu sikuwahi kumsikia Adelgunda akimuuliza mgonjwa kitu.

Na hakuishia hapo. Aliuliza analalaje. Deodatha alijibu kwamba anaamka amelowa jasho hata kukiwa na baridi, shuka linakuwa kama limetoka kufuliwa. Aliuliza anakula kiasi gani, tukaambiwa sahani inarudi na ndizi zake. Mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya, na hata tundu hilo lilikuwa limeshaanza kulegea. Jioni ana homa. Akipanda mlima magoti yanakunjika bila kumwomba ruhusa. Kila jibu nililivusha mkeka, na kila nilipovusha Nyirabageni alizidi kununa.

"Tumekuja kukandwa au kuhesabiwa sensa?" aliuliza.

Adelgunda alinitazama mimi. "Muulize," alisema, akakoma. Nilidhani ameishiwa maswali, kumbe lililobaki lilikuwa ni lile ambalo mama mkwe hawezi kumpa hata jirani alibebe. Akapiga moyo konde, akaegemea mkeka, akauliza mwenyewe.

"Theoneste, mwanangu." Hakuwahi kulitaja jina hilo mwenyewe akiwapo. "Ukienda haja ndogo, inatoka unapotaka?"

Nyirabageni alijifunika uso kwa khanga. Deodatha aliangalia ukutani. Theoneste aliuzamisha uso wake kwenye nyasi, na jibu likatokea humo.

"Nasimama muda mrefu, mama. Halafu siku nyingine inakuja yenyewe, kabla sijafika."

Hata mkewe hakuwa anajua. Nilimwona Deodatha akiutazama mgongo wa mumewe kana kwamba umebadilika pale pale chini ya mikono yake.

"Toa mikono," Adelgunda alimwambia. "Mfute hiyo samli, mfunike. Mgongo huu si wangu. Kesho anakwenda hospitali, na mtu yeyote asiubonyeze njiani, hata kama ataomba."

Hapo Nyirabageni alisimama. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema alijua. Alisema siku ya posa waliambiwa hawana kibanja, wakanyamaza. Umekanda nchi nzima, mama Deodatha, umekanda hata wezi wa ndizi, leo mwanangu ndiye unayemtoa mlangoni na samli mgongoni. Kama ni mambo ya ukwe, wazee wanajua namna ya kuyaondoa, umguse. Kama ni mambo mengine, sema.

Theoneste naye alisema, taratibu, kwamba amekuja huku kwa sababu wanaokwenda kule hospitali wanarudi wamefunikwa.

Niseme ukweli, nilimwonea haya Adelgunda. Nilidhani mikono imemwingia woga, na baada ya siku chache Nyakatuntu nzima ingejua kwamba fundi wa migongo ameshindwa na mgongo wa nyumbani kwake. Nadhani naye alilijua hilo kuliko mimi. Alikaa akizitazama nyayo zile.

"Niliyasema yale maneno," alisema hatimaye, na hakupitisha kwangu. "Siwezi kuyarudisha. Lakini kama ningekuwa namchukia mwanao, leo ningemkanda."

Nyirabageni alikaa chini. Hakusema amekubali, ila alikaa.

Asubuhi wanaume wa jirani, Gosbert akiwamo na amri zake nyingi, walimbeba Theoneste kwa machela mpaka barabarani. Adelgunda alikuwa ametangulia, amejaza majani makavu ya migomba kwenye lile lori la kahawa mpaka dereva akauliza kama wanasafirisha mayai. "Ndiyo," alimjibu, "na ukipiga shimo nitakukanda wewe." Halafu alipanda na yeye. Kwa kuwa ukwe haukuondolewa na mtu, alikaa nyuma ya lori akimpa Theoneste mgongo, njia nzima hadi hospitali ya misheni, na kila lori liliporuka alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusukuma majani yaliyohama. Deodatha ndiye aliyenisimulia hilo. Alisema alitaka kucheka, akajikuta analia.

Huko hospitalini walimpiga picha. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliwaeleza kwamba ni kifua kikuu kimeingia kwenye mifupa ya mgongo. Nyirabageni alishangaa kifua kimefikaje mgongoni. Daktari hakumcheka. Aliwaambia pingili mbili zimeliwa, usaha umekusanyika, na unaubana uti wa mgongo ndani, ndiyo maana miguu inapotea na mkojo hautii. Kuna sindano, kuna vidonge, kuna kulala kitandani miezi. Maisha atayapata. Miguu inaweza kurudi, inaweza isirudi, na hilo hawezi kuliahidi.

Kisha aliuliza nani amemkanda. Walipomwambia hakuna, aliuliza tena, hakuamini. Adelgunda, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje, aliitwa. Daktari alitoka akakaa naye. Alimuuliza kwao wanalima nini, akamwambia: mama, unaujua mgomba ulioliwa na fukusi chini? Unaonekana mzima. Adelgunda alisema anaujua. Ukiusukuma? Nusu ya migomba yake ilikuwa imeangushwa hivyo miaka ile, na kila mmoja uliangukia upande uliosukumwa.

Alirudi Nyabiyonza peke yake, akiwa mtu mwingine. Samli aliiweka juu ya dari. Alianza kuikumbuka migongo yote ya zamani, ile iliyorudi kumshukuru na ile ambayo haikurudi, na hii ya pili ndiyo iliyomkosesha usingizi. Mtu akija amejikunja, anamtuma hospitali. Mwanamke aliyelima siku nzima, hospitali. Kijana aliyelala vibaya baada ya harusi, hospitali. Mimi mwenyewe nilikwenda na kiuno changu cha kawaida, kile anachokijua kama mlango wake, akanitazama kwa macho yenye hofu, akasema, "Nenda Kayanga, upande gari la hospitali." Nilimkasirikia. Nilimwambia sina kitu ila uvivu na watoto. Alifunga mlango.

Hali hiyo iliendelea mpaka Deodatha alipokuja kuchukua maharage ya kumpelekea mumewe, akaleta na salamu za daktari. Daktari alikuwa amepokea watu wa Nyabiyonza wengi kuliko viti vyake. Alisema hivi: waliochoshwa na jembe ni wa mama, awarudishe kwenye nyasi zake. Wenye homa na jasho, wanaokonda bila sababu, wenye ganzi miguuni au mkojo usiotii, walioanguka kutoka juu, wenye maumivu yanayozidi hata wakilala, hao awalete, na awalete mapema. Adelgunda alimwambia Deodatha arudie. Akarudia. Kisha alicheka, mara ya kwanza tangu lori lile, akashusha samli kutoka darini.

Ila mkeka hakuutoa. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Tangu siku hiyo kila aliyekuja na mgongo alikaa kwanza upande wa pili wa mkeka, na Adelgunda upande huu, mikono ameiweka mapajani, anauliza. Alisema mikono yake ina kiherehere, ikiuona mgongo haisikii kitu kingine, basi bora ifichwe mpaka masikio yamalize kazi. Wengine walikasirika. Gosbert aliulizwa habari za mkojo wake akatoka amevimba, akazunguka vilabu vyote vya rubisi akisema, "Adelgunda kanifanya mkwe." Neno likashika. Mpaka watoto wakawa wanasema fulani amekaa ukweni, maana yake amekwenda kukandwa.

Wengi walivuka mkeka, wakalala, wakababuliwa jani. Wachache waliambiwa mgongo huu si wangu. Mmojawao alikuwa mzee Elpidius, aliyekuwa anakonda na kulalamika mifupa. Alikwenda hospitali akafa huko huko, na wapo waliosema Adelgunda kamtuma kufa. Wanawe hawakusema hivyo. Walisema alipewa dawa ya maumivu, akaweza kulala na kuongea nao mpaka mwisho. Adelgunda alikwenda msibani akakaa na wafiwa kama kawaida, na aliporudi alikuwa mpole siku nyingi.

Muda wote huo Theoneste alikuwa kitandani, na habari zake zilikuja kwa vipande. Homa imekata. Anakula. Mkojo umetii. Kuhusu miguu, Deodatha akiulizwa alisema, "Bado." Nyirabageni alikuwa naye huko, anampikia, na salamu zake kwa Adelgunda hazikuja. Adelgunda hakulalamika. Kila Jumapili baada ya misa alibaki kanisani wakati sisi tumeshatoka kupiga soga, na nilijua anaomba nini, kwa sababu alikuwa akiomba huku ameitazama miguu yake mwenyewe.

Walirudi msimu wa senene wa mwaka uliofuata. Tulikuwa tumekaa uani kwake tukinyonyoa mabawa, vidole vimekuwa vya kijani, tuliposikia watu wakiagana na dereva barabarani. Adelgunda alijua kabla yangu. Alisukuma ungo, akanawa harakaharaka, akaenda kupiga magoti mlangoni, macho chini. Nikasimama nyuma yake kama siku ile.

Nyirabageni ndiye aliyetangulia kuingia. Alipita ua wote, akaja akapiga magoti mbele ya Adelgunda, akamshika mikono yote miwili, ile ile mifupi na mipana, yenye kijani cha senene, akaipeleka shavuni kwake. Walikaa hivyo. Mimi nilianza kulia hapo, sikungoja mtu.

Kisha akaja Theoneste. Alikuwa amenenepa, na alishika fimbo, ila begani kwa mkewe hakushika. Mgongo ulikuwa umebaki na kile kifundo na utabaki nacho. Adelgunda hayo hakuyaona, alikuwa ameinama. Alichokiona ni kandambili mbili zikija kwenye udongo uliofagiwa, polepole, ile ya kushoto ikiburuta kidogo. Katikati ya ua ikamtoka.

Theoneste alisimama pale pale. Alirudisha mguu nyuma, vidole vikapapasa, kile kidogo kilichopinda kikatangulia, vikaipata kandambili, vikaingia. Akaendelea kuja.

Adelgunda hakuinua kichwa. Niliyaona mabega yake yakitikisika.

"Mwambie," aliniambia. "Mwambie karibu nyumbani."

Theoneste alikuwa amefika kizingitini na alikuwa amesikia kila neno. Lakini alingoja, naye, macho chini. Nikamwambia.